Ufunguo ulibaki kwenye kontakti: jinsi ya kupima bobini ya gari la zamani kabla hujanunua nyingine

Gari la zamani likiletwa na habari ya "nilisahau kontakti", yaani ufunguo umeachwa umewasha umeme huku injini imesimama, watu hutegemea nitauliza ilikaa hivyo saa ngapi. Siulizi. Nauliza kwanza kama bobini imetoa mafuta, halafu nauliza nani ameshagusa waya tangu siku hiyo. Swali la pili ndilo linalofanya watu wainamishe kichwa.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Lubumbashi, komini ya Kenya. Siku hizi kazi kubwa ni zile Toyota zinazoingia kwa mpaka wa Kasumbalesa, lakini wazee wenye Peugeot 404 na 504 bado wapo, Coccinelle za Volkswagen zipo, na Land Rover na Land Cruiser za zamani zinaendelea kubeba mahindi njia ya Kipushi. Huku tunasema bobini, platine, delko, buji na kapo. Ukiwa Mombasa au Dar es Salaam soma koili, pointi, disitribyuta, plagi na boneti, tutaelewana tu. Na kama gari lako lina kompyuta, haya hayakuhusu sana: katika magari mengi ya aina hiyo kompyuta hukata umeme wa bobini ikiona injini haizunguki. Wewe utalaza betri, basi.

Kinachopika bobini

Umeme unatoka kwenye betri, unapita neimani, yaani swichi pale unapoingiza ufunguo, unaingia kwenye bobini kwa upande wa chanya, unatokea upande wa hasi, unafika kwenye platine ndani ya delko. Platine zikifunga, umeme unashuka kwenye mwili wa gari na safari inakamilika. Injini inapozunguka, kamu ya delko inafungua platine na kuziachia zifunge, mara nyingi kwa kila sekunde. Kila zinapofunguka umeme unakatika ghafla, na bobini inarusha maelfu ya volti kwenda kwenye buji.

Zima injini kwa kuishiwa petroli, au iache ikatike yenyewe huku ufunguo uko palepale. Kamu inasimama popote ilipofikia. Ikisimama platine zikiwa wazi, hakuna umeme unaopita kwenye bobini hata ukilala nayo hadi asubuhi. Ikisimama zimefunga, umeme unapita bila kukatwa. Ndiyo maana utamsikia mtu akiapa kwamba yeye huacha kontakti mchana mzima akisikiliza mpira wa Mazembe kwenye redio ya gari, na gari halijamfanya kitu. Anasema kweli. Platine zake zilisimama wazi. Lakini kwa delko ya silinda nne platine hukaa zimefunga zaidi ya nusu ya mzunguko: kwenye Coccinelle ni karibu nyuzi 50 katika kila nyuzi 90, kwenye Peugeot nyingi ni karibu 57. Huo si mchezo wa kucheza kila siku.

Tupige hesabu kidogo, maana huku chini tutaihitaji. Bobini ya kawaida ya volti 12 isiyo na resistansi ya nje, yaani kipande cha kupunguza umeme kinachofungwa kabla ya bobini, ina takriban omu 3 kwenye waya wake mnene wa ndani. Volti 12 kugawanya kwa 3 ni ampea 4. Ampea 4 mara volti 12 ni wati 48. Hicho ni chuma cha kulehemu kizima, kimefungiwa ndani ya kopo la bati lililojaa mafuta, na hakuna hewa inayopita kwa sababu injini imesimama. Gari likiwa barabarani, bobini hiyohiyo inapumzika kila platine zinapofunguka, umeme haupati hata muda wa kupanda hadi mwisho, na upepo unapoza kopo. Ilitengenezwa kwa maisha hayo, si kwa kukaa imewashwa kama jiko.

Dakika kumi za hali hiyo na hutaishika bobini kwa mkono. Nusu saa, hasa Oktoba jua letu likiwa kali na kapo imefungwa, joto linaweza kufika pale tone la maji linapochemka. Mafuta ya ndani yanavimba. Yanatafuta pa kutokea, na panapolegea kwanza ni pale kofia nyeusi inaposhikana na kopo. Varnishi inayotenganisha mizunguko ya waya inalainika, karatasi za ndani zinaungua, na mizunguko inaanza kugusana. Wakati mwingine kopo hupasuka kabisa. Betri nayo inapungua: yenye ampea 45 kwa saa haitafika asubuhi kwa ampea 4.

Ukikuta kontakti imebaki

Rudisha ufunguo. Kama neimani imechakaa na huna hakika kwamba imekata, toa waya wa hasi kwenye betri. Fungua kapo ili joto litoke, kisha uondoke hapo. Usimwagie maji: kofia ya bobini ikipata baridi ghafla inapasuka, na ufa mwembamba usiouona kwa macho ndiyo njia ambayo umeme wa buji utaitumia kukimbilia kwenye mwili wa gari. Usiifungue nyaya ikiwa ya moto, mafuta yanaweza kuruka. Na usijaribu kuwasha "uone tu". Iache ipoe hadi kopo liwe na joto sawa na chuma kingine cha gari.

Ikipoa, angalia kabla hujapima. Kuna mzee mmoja, mstaafu, ana 404 nyeupe anayoitunza kuliko nyumba. Alikuja akasema bobini iko nzima, ameipangusa mwenyewe na haina kitu. Nikamwomba aniachie niitazame kwa tochi. Kuizunguka kofia kulikuwa na pete nyembamba ya vumbi letu jekundu, limeshikana kama limebandikwa, na chini ya kishikio, mahali kitambaa hakifiki, kulikuwa na mchirizi wa mafuta umeshuka hadi kwenye bati. Kwingine kote vumbi lilikuwa kavu na linapulizika. Vumbi lililoshikana ni mafuta yaliyotoka.

"Papa, hii imekwisha," nikamwambia.

"Lakini asubui imewaka, fundi!"

Iliwaka, sibishi. Bobini iliyopungukiwa mafuta inaweza kuwasha gari wiki nzima. Lakini mafuta yale ndiyo yanayobeba joto kutoka kwenye waya hadi kwenye kopo, na ndiyo yanayozuia umeme mkubwa kuruka humo ndani. Pakibaki hewa, bobini inakufa siku isiyo na taarifa. Hairudishiwi mafuta, haizibwi kwa gundi. Ikitoa mafuta, ikivimba, ikipasuka kofia, au rangi yake ikibabuka na kunuka varnishi iliyoungua, usipoteze muda kuipima.

Kama nje ni safi, sasa chukua multimita.

Kupima

Toa nyaya zote za bobini kwanza, maana ukiziacha utapima gari zima. Andika au piga picha upi ulikuwa chanya na upi ulikuwa hasi. Kwenye gari za Kijerumani utaona namba: 15 ni upande wa kontakti, 1 ni upande wa delko, 4 ni katikati kwenye waya mnene. Kwenye Land Rover za zamani ni SW upande wa swichi na CB upande wa delko.

Weka multimita kwenye omu 200. Gusanisha ncha zake mbili uone inasoma nini. Zile za bei nafuu za sokoni huonyesha 0.3 au 0.5 kwa ajili ya nyaya zake zenyewe. Toa kiasi hicho kwenye kila kipimo. Watu wanaruka hatua hii, halafu wanalaumu bobini kwa nusu omu ambayo ni ya multimita.

Kati ya chanya na hasi tafuta karibu omu 3 kwa bobini isiyo na resistansi ya nje, karibu 1.5 kwa ile inayotumia resistansi. Multimita ikionyesha kwamba njia imekatika, bobini imekufa. Ikisoma pungufu waziwazi, tuseme 2.2 kwa bobini ya omu 3, mizunguko imegusana. Ikisoma 3.8 au 4, usikimbilie kuitupa, iguse. Shaba ikipata joto, resistansi yake inapanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selisiasi, kwa hiyo bobini nzima ya omu 3 iliyofika nyuzi 110 inasoma karibu omu 4. Ndiyo sababu nimesema ipoe kwanza.

Hamisha multimita kwenye kiloomu, pima kati ya chanya na tundu la katikati. Nyingi zinakuwa kati ya 6 na 12. Halafu pima kila ncha na kopo lenyewe: multimita ionyeshe kwamba hakuna njia kabisa.

Sasa sikiliza. Vipimo vibaya vinatosha kuihukumu bobini. Vipimo vizuri havitoshi kusema ni nzima. Multimita inatumia kibetri cha volti 9, bobini inafanya kazi kwa maelfu. Mahali pa varnishi iliyolainika panaweza kuvumilia volti 9 na kushindwa elfu kumi na tano. Kwa hiyo kipimo ninachokiamini ni cha gari lenyewe, likiwa la moto.

Rudisha nyaya, washa, acha injini izunguke gari likiwa limesimama na kapo ikiwa imefungwa, hata nusu saa. Bobini iliyoumia ina tabia moja: asubuhi inawaka vizuri, ikipata joto injini inaanza kukosa nguvu, inakohoa, inazima. Ukiisubiri ipoe inawaka tena kama hakuna kilichotokea. Mtu atakwambia ni petroli inachemka kwenye bomba, na kwa kweli hiyo nayo ipo, dalili zinafanana. Utazitofautisha palepale inapozima, si baadaye: chomoa buji moja, ivalishe waya wake, ilaze ikigusa chuma cha injini, mbali na harufu ya petroli, na mwenzako azungushe starta. Cheche ya buluu inayopiga kwa sauti, tafuta petroli. Cheche ya njano nyembamba, au hakuna, uko upande wa umeme. Usishike waya wa buji kwa mkono, na usiuache ukining'inia hewani bila pa kurukia; umeme ukikosa njia nje unatoboa bobini kwa ndani, na utakuwa umemaliza kazi ambayo kontakti iliianza.

Kabla ya kuhukumu, badilisha kondansateri, kile kikopo kidogo kilichounganishwa na platine. Ni kitu cha bei ndogo, kinaumwa na joto, na kikifa kinaiga bobini mbovu. Ishara yake iko kwenye platine: ukizitazama injini ikizunguka kwa starta, cheche kubwa za njano zinaruka pale zinapofunguka. Platine zenyewe huvumilia kontakti kuliko bobini, kwa sababu zilikuwa zimefunga na hazikutoa cheche. Zipanguse, hakikisha nafasi yake, karibu milimita 0.4 kwa Coccinelle na kwa Peugeot nyingi. Zikiwa na rangi ya buluu, subiri, tunafika huko.

Bobini ya pili

Nyingi ninazozitupa hazikufa kwa ufunguo. Ni zile zilizofungwa baada ya ya kwanza kufa.

Kijana mmoja aliishiwa petroli na Land Cruiser ya baba yake njia ya Likasi. Akaacha ufunguo kwenye kontakti, akatembea na bidoni kutafuta kadhafi, yaani muuza petroli wa kando ya barabara. Aliporudi bobini ilikuwa inanuka. Fundi wa pale karibu akampa bobini nyingine, na kwa vile kale kakipande ka resistansi kalikuwa kamepasuka, akaunganisha waya moja kwa moja. Gari likawaka kuliko zamani. Siku chache baadaye likaja kwangu likivutwa.

"Vieux, hii motoka inakula bobini!"

Turudi kwenye hesabu. Bobini ya Land Cruiser ile ni ya omu 1.5, na resistansi ya nje inaongeza karibu 1.5 nyingine. Jumla 3, ampea 4, na joto linagawanywa nusu kwa nusu: nusu kwenye bobini, nusu kwenye resistansi, ambayo ni ya kauri na imefungwa kwenye chuma kwa ajili ya kazi hiyo. Ukiiruka resistansi, bobini inapata volti 12 kwa omu 1.5. Ampea 8. Wati 96 platine zikifunga. Hapo ndipo platine zinakuwa za buluu na bobini inapikika hata injini ikiwa inazunguka. Kwamba gari liliwaka vizuri mwanzoni ni kweli. Mfumo wenyewe umepangwa hivyo, wakati wa starta kuna waya wa pili unaoiruka resistansi, kwa sababu starta inashusha betri hadi volti 10 au 9. Lakini ni kwa sekunde chache tu, ukiachia ufunguo resistansi inarudi kazini.

Kosa la upande mwingine halichomi kitu ila linachosha. Ukifunga bobini ya omu 3 kwenye gari lenye resistansi, unapata ampea chini ya 3, cheche hafifu, na Juni au Julai asubuhi baridi ikikaza utazungusha starta hadi majirani watoke.

Kwa hiyo, ujue gari lako ni la aina gani kabla ya kwenda dukani. Usitegemee macho, maana kwenye baadhi ya magari resistansi ni waya maalumu uliofichwa ndani ya fungu la nyaya. Fungua delko, zungusha injini kwa mkono hadi platine zifunge, weka kontakti kwa sekunde chache tu, pima volti kati ya chanya ya bobini na mwili wa gari. Karibu 12: hakuna resistansi. Kati ya 6 na 9: ipo. Platine zikiwa wazi utasoma 12 kwa gari lolote, kwa sababu umeme usiopita haupungui kwenye resistansi. Nimeona mafundi wa miaka mingi wakipitwa na hilo.

Dukani nenda na multimita. Usinunue kwa rangi ya kopo wala kwa jina lililobandikwa; bandiko hata mimi naweza kuchapisha. Pima mbele ya muuzaji. Akikataa, duka si moja. Soma pia kama kwenye kopo imeandikwa kwamba inahitaji resistansi ya nje.

Ukiifunga, upande wa hasi uende kwenye delko kama hasi ya betri imefungwa kwenye mwili wa gari. Land Rover za zamani zenye chanya kwenye mwili ni kinyume. Ukigeuza, gari litawaka, lakini buji zitadai volti zaidi na utakuwa unaikamua bobini mpya bila sababu. Kishikio kikaze vizuri kwenye chuma kisafi. Kupitia hicho, sehemu ya joto inatoka.

Ili isirudie

Neimani iliyochakaa ndiyo adui. Zipo zinazoachia ufunguo utoke hali kontakti bado imewaka: mtu ana ufunguo mfukoni, amekaa kwenye kilio huko Katuba, na bobini inaiva. Jaribu ya kwako leo. Ufunguo ukitoka kabla ya kufika mwisho, badilisha neimani, usiipake mafuta ukadhani umeiponya.

Redio itoe kwenye kontakti. Ipe waya wake kutoka kwenye betri, na fyuzi karibu na betri. Vijana wanaoosha gari wanapenda muziki, huwezi kuwakataza.

Ukitaka kontakti iwake kwa kazi, kutafuta waya mbovu wa taa au geji, toa waya wa chanya kwenye bobini na uuzungushie tepu usiguse chuma. Gari lenye manivela, ile rodi ya kuzungushia injini kwa mkono, unaweza kulizungusha hadi platine zifunguke, lakini mtu akilisukuma kidogo likiwa na gia, zinafunga tena. Mimi natoa waya.

Na kama umeweka kifaa cha elektroniki badala ya platine, usidhani umepona. Baadhi vinaungua kwa kontakti kabla hata ya bobini. Soma karatasi yake.

Kwa wasahaulifu nafunga buza. Taa nyekundu ya mafuta ya injini huwaka kila kontakti ikiwa imewekwa na injini haizunguki, ila kwa jua la saa sita huioni. Chukua kibuza cha volti 12, chanya yake ishike kwenye waya unaopata umeme kwa kontakti, hasi yake ishike kwenye waya unaokwenda kwenye swichi ya presha ya mafuta pale kwenye injini. Kinakuwa sambamba na taa: taa ikiwaka, kinalia. Hii ni kwa gari lenye hasi kwenye mwili na taa inayopata hasi kupitia swichi hiyo, ambayo ndiyo hali ya mengi. Kitalia kidogo kila unapowasha gari, utakizoea. Kikilia injini ikiwa inazunguka, zima mara moja palepale ulipo na uangalie kijiti cha mafuta, maana hapo shida si bobini tena.